Nafasi ya Januari

Green Bay, Wisconsin
15 Desemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti halikusumbui sana na baridi hii. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu, na Mama anauliza kama zile soksi zimekutosha. Nisamehe kwa kukaa muda mrefu bila kuandika. Ningepiga simu, lakini tangu Bibi atutoke najua huipokei, inalia tu ukutani mpaka inachoka.

Babu, majibu ya Chuo cha Wexcombe yalitoka jana saa kumi na moja jioni. Unakumbuka nilivyokueleza: haya ni maombi ya mapema, unaomba chuo kimoja tu na unatia sahihi kwamba wakikuchukua utakwenda, hakuna kubadili mawazo. Baba alitia sahihi, mwalimu mshauri naye akatia. Ni kama kuposa. Nilijua jibu litakuwa moja kati ya matatu: ndiyo, hapana, au subiri hadi Machi. Nilijiandaa kwa yote matatu.

Sikupata hata moja. Wameniandikia kwamba Septemba wamejaa, ila wanafurahi kunipa nafasi ya kuanza Januari. Si Januari hii inayokuja, ni ile ya mwaka wa mbele yake. Wenzangu wataingia Septemba, watagawana vyumba, watazoeana, halafu mimi nitafika katikati ya theluji na sanduku langu, kama mgeni aliyechelewa harusini akakuta sahani zinaoshwa. Na kwa kuwa hawakunipa nilichoomba, ile ahadi yangu imefutika. Naweza kukataa. Jibu wanalitaka kufikia tarehe tano Januari, na vyuo vingine vinafunga maombi tarehe mosi.

Baba anasema, "Nafasi ni nafasi. Wamekukubali."

Nikamwambia, "Baba, ungemposa Mama, naye akakujibu njoo mwakani nikishamaliza na wengine, ungesema amekukubali?"

Mama alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Sasa sikia linaloniuma. Joslyn amepata. Joslyn Ferrante, rafiki yangu, yule aliyekaa kwenu kiangazi. Amepata Septemba, moja kwa moja. Alipofungua jibu lake, vikaratasi vya rangi vilimwagika kwenye kioo chote cha kompyuta na wimbo wa chuo ukapigwa. Kwangu ilikuja barua nyeupe, kimya. Leo kaja shule na sweta ya kijani ya Wexcombe. Kaipata lini? Jibu limetoka jana jioni! Maana yake ilikuwa kabatini kwake, imekunjwa, inangoja. Na mimi ndiye niliyekigundua chuo hicho, Babu. Nilimwonyesha kijitabu chao tukiwa darasa la kumi, yeye akiwa hajui hata jimbo la Vermont, kiliko, liko upande gani.

Hayo bado si kitu. Bi. Aldrich, mwalimu wetu wa Kiingereza, kasimama kwenye ujia mbele ya watu wote akamwambia, "Joslyn, ile insha yako ya bibi na mkate wa iliki, mimi nililia."

Bibi na mkate wa iliki! Bibi yake Joslyn yuko Florida, anacheza karata na kununua keki dukani. Bibi wa mkate wa iliki alikuwa mmoja tu, na alikuwa wangu.

Mimi niliandika kuhusu kambi ya uongozi.

Mjukuu wako,
Tilda


Toivola, Michigan
19 Desemba

Mjukuu wangu Tilda,

Marahaba. Barua yako imefika leo na nimeisoma mara mbili, mara moja nimesimama na mara moja nimekaa. Mimi sijambo. Goti lipo, linatabiri theluji kuliko redio. Soksi zimenitosha, mshukuru mama yako. Theluji imepanda hadi dirisha la jikoni, upande wa bibi yako. Bado nasema upande wa bibi yako. Nakaa upande wangu wa meza, kiti chake nakiacha.

Mimi si mtu wa vyuo. Niliacha shule nina miaka kumi na sita, nikaenda kukata magogo, kisha posta ikaniajiri nikagawa barua miaka thelathini na moja, kutoka hapa hadi kule Misery Bay na kurudi. Barua za vyuo nimezipeleka nyingi. Zamani ungejua jibu kwa kushika tu. Nene ilikuwa ndiyo, nyembamba ilikuwa hapana. Zile nyembamba nilikuwa naziweka sandukuni chini ya gazeti, ili mtu aanze na gazeti kwanza. Yako wewe sijui ningeiweka wapi.

Unaona haya kwa sababu una wivu, hukusema lakini nimeona. Usione haya mbele yangu. Bibi yako Lempi alikuwa mwenye wivu kuliko watu wote wa kaunti hii. Mwaka ule dada yake Aili alipopewa utepe wa ushindi wa kwanza wa mikate kwenye maonyesho, Lempi alioka siku tatu mfululizo. Akitoa mkate tanurini anauonja, anasema, "Huu je? Huu una kasoro gani, Eino?" Kisha anawatupia kuku. Kuku wetu walinenepa mwaka ule hadi wakashindwa kuruka kizingiti. Aili alipokuja kututembelea akasema, "Mnawalisha nini hawa?" Bibi yako akamjibu, "Mahindi." Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo.

Kuhusu Joslyn na insha yake, lipo neno ninalopaswa kukuambia. Lakini leo kalamu ni nzito, na kijana wa posta anakaribia kupita. Nitaandika tena. Yule ni mtoto mzuri, Tilda. Usiharakishe kumchukia.

Kula vizuri. Wasalimie wazazi wako.

Babu yako,
Eino


Green Bay
22 Desemba

Babu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Sisi wazima. Baba amekwisha kuanguka kwenye barafu mara moja mwaka huu, yaani bado mbili kufikia kawaida yake.

Nakuomba jambo moja dogo. Ndani ya bahasha hii nimetia bahasha nyingine, imefungwa na stempu imekwisha kubandikwa. Itie tu kwenye sanduku la posta la huko kwenu. Ni makaratasi ya chuo. Nataka igongwe muhuri wa huko badala ya wa hapa, ni utaratibu wao, mrefu kueleza. Tafadhali usiandike anwani yako nyuma.

Umesema Joslyn ni mtoto mzuri. Kila mtu anasema hivyo. Jana tulikutana na mama yake dukani, kwenye foleni ya nyama.

"Tilda, mpenzi! Januari wala si mbaya," akaniambia. "Utamkuta Joslyn ameshajua kila kitu, atakutembeza."

Atanitembeza! Joslyn alikuwa nyuma yake ameshika viazi, akasema polepole, "Mama, basi." Ningependa angenicheka kuliko ile sauti ya kunihurumia.

Sijaamua kuhusu Januari. Kila mara naanza kujaza fomu za chuo kingine, halafu nafungua ile barua nyeupe tena.

Usisahau bahasha, Babu. Kabla ya mwaka kwisha ikiwezekana.

Mjukuu wako,
Tilda


Toivola
26 Desemba

Mjukuu wangu Tilda,

Natumaini mlikula Krismasi kwa furaha na baba yako hajaanguka tena. Mimi sijambo. Majirani wa ile nyumba nyekundu waliniletea supu ya samaki na wakakaa saa nzima, tukazungumzia theluji mpaka maneno yakaisha.

Bahasha yako ilifika Jumamosi. Iko mezani, imeegemea bakuli la sukari. Sijaifungua, na sijaipeleka.

Nakuomba unisikilize kabla hujakasirika. Mtu anayetuma jambo jema huandika jina lake nyuma ya bahasha, ili ikipotea imrudie. Bahasha zisizo na jina nilizijua kwa mkono kabla ya kuziona kwa macho. Kulikuwa na mama mmoja njia ya mtoni, Hilma Saari. Kila mwanzo wa mwezi ilimjia barua isiyo na jina la mtumaji, imegongwa muhuri wa mji wa Marquette. Na kila akiipokea hakutoka nje siku mbili, hata ng'ombe walilia kwa kukosa kukamuliwa. Sikujua kulikuwa na nini ndani. Nilipeleka miaka miwili. Ilikuwa kazi yangu kupeleka, nami niliifanya vizuri, hata siku za dhoruba nilimfikishia. Mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwingine wa barabara. Sasa nimestaafu, sare nimerudisha. Hakuna wa kunilazimisha.

Ya kwako imeandikwa kwenda ofisi ya Wexcombe inayochagua wanafunzi. Chuo chako kinajua unakoishi, Tilda. Hakuna utaratibu unaotaka muhuri wa Toivola.

Na sasa lile neno nililolikwepa. Mwezi wa kumi Joslyn aliniandikia. Aliuliza kama anaweza kuandika insha yake juu ya zile siku kumi na mbili alizokaa hapa na Lempi. Alisema hataandika neno kama mimi sitaki. Nikamjibu kwamba ninataka. Alipomaliza akanitumia nakala, ninayo hapa. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Sikukuuliza kwa kuwa siku ya mazishi, tukiwa bado kwenye gari, ulituambia, "Msinizungumzie habari za Bibi." Tukanyamaza, mimi na baba yako, na tumeendelea kunyamaza. Halafu huyu mtoto akaja na kurasa mbili ananiuliza Lempi alikuwa akiweka iliki kiasi gani, na kama alikuwa akiimba Kifini au Kiingereza wakati wa kukanda. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu kama hicho. Nikafurahi kujibu. Hilo ni kosa langu mimi, si lake.

Siwezi kuipeleka bahasha hii na siwezi kuitia motoni. Barua ya mtu sijawahi kuichoma. Njoo uichukue. Ukipenda unisomee. Ukishanisomea na bado unataka iende, tutavaa makoti twende nayo sandukuni pamoja.

Babu yako,
Eino


Green Bay
29 Desemba

Babu,

Leo sikuulizi hali.

Ndiyo, nimewaandikia kwamba Joslyn amewadanganya. Nimewaandikia kwamba yule bibi si wake, kwamba ameiba maiti ya watu akaingilia nayo chuoni. Wewe umejua hayo kwa kushika bahasha, hongera.

Na kumbe ulimruhusu! Ulimpa Bibi kama mtu anavyoazimisha koleo la theluji. Chukua, ukimaliza utarudisha. Umemwambia habari za iliki. Umemwambia nyimbo. Mimi sijui aliimba lugha gani, Babu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nakula unga, sikusikiliza. Sasa Bi. Aldrich anajua na mimi sijui.

Unadhani sijui kwa nini mimi sikuwepo? Tulipanga kuja wote wawili, mimi na Joslyn, kama mimi nilivyozoea kuja kila mwaka. Halafu mwalimu mshauri akaangalia fomu yangu akasema, "Upande wa uongozi ni mweupe kidogo." Nikaenda Madison wiki sita, nikafundishwa kuwaongoza watu waliofungwa vitambaa usoni wapite juu ya kamba. Joslyn hakuwa na ada ya kambi. Ndiyo maana alipanda basi akaja kwenu peke yake. Yeye alimpata Bibi kwa sababu aliikosa kambi. Mimi nikapata cheti. Septemba Bibi akafariki. Na wale watu wa Wexcombe wakasoma karatasi zetu mbili, ya kambi na ya Bibi, wakampa yeye Septemba na mimi Januari. Nami ningefanya vilevile, hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa mimi ndiye ninayechagua, ningemchagua yeye.

Jumamosi nakuja na gari la Baba. Pengine nitafika kabla ya barua hii. Usinipikie.

Tilda


Toivola
3 Januari

Mjukuu wangu Tilda,

Natumaini ulifika salama na barabara ya Covington ilikuwa imepigwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Mimi sijambo, nimelala vizuri kuliko siku nyingi.

Barua yako ya tarehe 29 imefika leo, siku mbili baada ya wewe kuondoka. Nimeisoma yote hata hivyo. Hukusaini "mjukuu wako". Nimeona.

Nataka kuandika tulivyofanya, kwa maana siku hizi mambo yananiponyoka. Ulisimama mlangoni na viatu vyako vya theluji, hukutaka kuvivua.

"Iko wapi?"

"Ipo. Kula kwanza."

"Nilisema usinipikie."

"Sikuisikia hiyo. Na sijapika, nimepasha."

Ukala sahani mbili na viatu miguuni. Kisha ukaifungua bahasha ukaanza kunisomea kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mstari wa kwanza ulisoma, wa pili ulisoma. Wa tatu ulifika "bibi huyo si wake" ukasimama, ukaikunja. Ukatazama kile kiti cha bibi yako. Ukaniuliza kama Lempi alikuulizia kiangazi kile. Nikakuambia, kila siku. Ukasema, "Unaniambia hivyo kunifariji." Mtu akiambiwa hivyo, kila akirudia anazidi kuonekana anafariji.

Kwa hiyo uliponipa mgongo ukifunga koti, nilitia insha ya Joslyn mfukoni mwako, mfuko wa kushoto. Najua ulikuwa umekataa kuisoma. Mimi si shahidi mzuri, nilikuwa mume wake. Joslyn alikuwepo pia.

Bahasha yako uliondoka nayo. Barabarani kuna masanduku ya posta kila mji, na mimi nayajua yote. Sitauliza uliifanyia nini. Kesho kutwa ndiyo tarehe tano. Hilo nalo sitauliza, ingawa kama kijana wa posta ataniletea kitu Jumatatu nitamkimbilia na goti hili hili.

Babu yako,
Eino


Green Bay
6 Januari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje na goti? Nilifika salama. Chumvi ilikuwepo.

Nilisimama Crystal Falls kutia mafuta, nikatia mkono mfukoni kutafuta glavu, nikakuta karatasi. Ujanja wako wa posta huo. Niliisoma ndani ya gari nikiwa nimeegesha kwenye pampu, mpaka mtu wa nyuma akapiga honi, nikasogea, nikaendelea kusoma.

Mstari wa kwanza kabisa umeandikwa "bibi wa rafiki yangu". Hakusema popote kwamba ni wake. Wala insha haihusu mkate, mkate umepita tu. Inahusu jina. Ameandika kwamba kichwa cha Bibi kilikuwa kimeanza kuchanganya watu, na kwamba alikuwa akimwita Tilda. Siku ya kwanza Joslyn alimsahihisha. Bibi akaona haya, akaacha kukanda, akakaa na unga mikononi bila kujua auweke wapi. Kuanzia siku ya pili Joslyn akawa anaitika. "Tilda, lete siagi." Analeta. "Tilda, umekua." Anasema asante. Ameandika: "Niliitika jina ambalo halikuwa langu, kwa sababu aliyekuwa akiliita alifurahi kuitikiwa." Niliusoma mstari huo nikatamani kuitupa karatasi dirishani.

Kwa hiyo ni kweli aliniulizia. Hukuwa unanifariji. Nisamehe.

Sikuenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa akina Ferrante. Joslyn alifungua mlango akiwa na ile sweta. Nikampa bahasha nikamwambia, "Hii nilitaka kuipeleka Wexcombe. Nilimwomba Babu aipeleke ili wasijue ni mimi." Akaisoma amesimama pale pale, baridi inaingia nyumbani kwao, mama yake anapiga kelele kutoka ndani, "Nani huyo? Fungeni mlango!" Alisoma hadi mwisho, zaidi ya mimi nilivyoweza.

Akasema, "Jina langu umeliandika mara sita. Lako hata mara moja."

Kisha akafunga mlango. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Shuleni amehamia meza nyingine.

Jana saa tano usiku kasoro kidogo nilibonyeza kukubali Januari. Baba alidhani nimefuata ushauri wake, anatembea nyumba nzima kifua mbele. Sivyo. Nilikuwa nimejaza fomu za vyuo vinne vingine, na kila kimoja nikijiuliza kwa nini ninakitaka, jibu lilikuwa kwamba Joslyn hayupo. Sikutaka kuishi miaka minne mahali ambapo sifa yake pekee ni hiyo.

Nilidhani nikishajua ukweli wivu utaniondoka. Wivu umezidi, Babu. Mwanzo nilimwonea wivu kwa chuo. Sasa namwonea wivu kwa sababu Bibi aliniita na yeye ndiye aliyekuwepo kuitika.

Mjukuu wako,
Tilda


Toivola
30 Agosti

Mjukuu wangu Tilda,

Habari za kazi? Baba yako anasema wateja wa lile duka la rangi unakofanya kazi wanakutafuta wewe tu, na kwamba kila siku unarudi nyumbani na rangi tofauti kwenye nywele. Mimi sijambo. Asante kwa wiki ile ya Julai. Kuni ulizozipanga zimesimama wima, zangu huwa zinalala.

Naandika kwa ajili ya jambo moja. Joslyn amepita hapa. Alikuwa na baba yake, wakielekea kumwona shangazi yake kule Hancock kabla hajakwenda Vermont. Alikunywa kahawa. Alikaa upande wangu wa meza, na mimi nikasimama, kwa maana kile kiti hakuna aliyetaka kukikalia. Hakukutaja. Nami sikukutaja. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Babu Eino, ulijua kilichokuwa ndani ya ile bahasha?" Nikamwambia nilijua bila kufungua. Akatikisa kichwa akapanda gari.

Safari hii nimekuambia siku ile ile. Sitaki tena kukuficha kitu kinachohusu nyumba hii.

Najua wiki hii ni nzito, wenzako wote wakifungasha. Ukiona sweta za vyuo zinapita mbele ya duka lako, geuka uchanganye rangi.

Babu yako,
Eino


Chuo cha Wexcombe, Vermont
11 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika, nimetulia, nina chumba chenye dirisha moja na mwenzangu kutoka Oregon anayelala na soksi za sufu na kofia. Sisi tulioingia Januari tuko thelathini na nane. Tunatembea pamoja kama bata, na wa Septemba wanatuonyesha njia bila kuombwa. Kila mmoja wao ana neno ambalo sisi hatulijui, jina la kichekesho la jengo fulani, au mwalimu fulani, halafu wanacheka. Siku tatu za kwanza niliwachukia wote kwa usawa, sikumbagua mtu.

Joslyn nilimwona siku ya kwanza. Bwalo la chakula lina ngazi mbili, alikuwa juu na marafiki sita, wanamsikiliza yeye. Ana sauti mpya, Babu, kubwa zaidi. Nilikula nikiwa nimempa mgongo na bado nilijua kila alipocheka.

Siku ya nne alikuja mezani kwangu na sinia yake. Hakukaa.

"Kangas," akaniita kwa jina la ukoo.

"Ferrante."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na wewe, bado una wivu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Wa nini tena? Si uko hapa?"

"Wa zile siku kumi na mbili," nikasema.

Hapo ndipo akaweka sinia chini. Akavuta kiti akakaa. "Mimi nina wivu wa miaka yako kumi na saba," akasema. "Unajua ilikuwaje kuitika? Kila nikiitika, uso wake unawaka, na najua kabisa unawaka kwa ajili ya nani. Nilikuwa nataka iwe mimi. Hata dakika moja. Nikarudi nyumbani nikaandika insha, nikaandika kwamba nilifurahi kuitika. Hilo ndilo la uongo. Ungewaambia hilo chuo, ungekuwa sahihi."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga toka Green Bay, yote yakawa hayafai.

Nikamwomba anisimulie. Siku ya kwanza tu, nikasema, sitaki zote kwa pamoja.

"Siku ya kwanza hakukuwa na kitu," akasema. "Mvua ilinyesha. Tulimenya viazi."

"Simulia hiyo hiyo."

Akasimulia. Ilichukua chakula chote cha mchana. Rafiki zake walimwita kutoka juu mara mbili, akawapungia mkono waende. Hajanisamehe, amesema hivyo wazi wazi, na juzi alinipita njiani bila kunisalimu. Lakini kila Jumapili anakuja na sinia, anakaa, ananipa siku moja. Namsikiliza nikiwa na wivu, nami simwambii aharakishe.

Siku ya pili na ya tatu tumezimaliza. Siku ya nne anasema yeye haijui, kwa sababu alikwenda mjini na majirani, na nyumbani mlibaki wawili tu, wewe na Bibi, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Niandikie hiyo, Babu. Anza na asubuhi.

Mjukuu wako,
Tilda